Uzi: "Wageni wafuate utamaduni wetu." Upi hasa?

Siasa zikipamba moto, kauli hii lazima irudi. Mimi naishi Kitengela, kwa hivyo wacha nianzie hapa kwetu.

Kajiado ni jina la Kimaasai, Ol-keju-ado, yaani mto mrefu. Wengi wetu tulikuja kufuata ploti na kazi za EPZ pale Athi River. Ukisalimiwa "Sopa", unajua kujibu "Ipa"? Na bado ni sisi tunamwambia Mkongomani muuza vitenge azoee utamaduni "wetu".

Sasa sheria. Ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka mgeni anayeomba uraia awe ameishi hapa kihalali angalau miaka 7 mfululizo, na aweze kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Hakuna mahali imesema aache sombe ale sukuma. Katiba nayo, kifungu cha 44, inakataza mtu kumlazimisha mwenzake kufuata desturi yoyote. Yoyote!

Kiswahili, mtu wa Bukavu amekuja nacho. Anasema "muzuri", tunacheka, lakini bei tunaelewana vizuri sana.

Kinachomkwamisha mara nyingi ni makaratasi. Bila kitambulisho kinachokubalika, kusajili laini ya simu ni shida, M-Pesa ni shida, benki ndio usiseme. Anaishia kuomba jirani amsajilie laini, na hapo pesa zake ziko kwa jina la mtu mwingine.

Mgombea akija mkutanoni na hiyo "wazoee", muulize ana mpango gani wa vitambulisho.