Kipimajoto kinachoingia ndani ya seli

Mtoto akichemka usiku, wengi wetu humwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha tukatoa hukumu. Kiganja hudanganya, hasa kikiwa kimetoka kwenye maji au jikoni. Kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa.

Hata hivyo, kipimajoto hicho husoma joto la mwili kwa ujumla. Je, joto la seli moja, isiyoonekana bila ya hadubini, litapimwaje? Chovya kijiko baridi kwenye tone la chai ya moto, utakuta umelipoza tone lenyewe. Kipimo sharti kiwe kidogo kuliko kinachopimwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Kanada na Hispania walitangaza jinsi walivyofanya. Walitengeneza chembe za fuwele zenye erbiamu na itabiamu, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakipangwa mstari hayafikii upana wa unywele mmoja, wakaziingiza katika seli za saratani zilizooteshwa maabara. Zikimulikwa kwa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, chembe hizo hutoa mwanga wa kijani. Kijani chenyewe ni cha namna mbili zinazokaribiana sana, na joto likipanda namna moja hupata nguvu kuliko mwenzake. Ukali wa mwanga peke yake hausaidii, kwani chembe zikiwa nyingi mwanga huwa mkali hata kama hakuna joto. Kinachosomwa ni uwiano wa kijani kimoja kwa kingine. Kwa njia hiyo waliifuatilia seli kutoka nyuzi 25 mpaka ilipokufa kwa joto kwenye nyuzi 45.

Kwa mgonjwa hili si dogo. Zipo tiba za saratani ambazo uvimbe hupashwa joto la nyuzi 40 hadi 45. Likipungua, seli mbaya husalia. Likizidi, nyama nzima iliyo jirani huungua.

Chembe hizi bado ni za maabara, hazimo hospitalini kwetu. Akibisha hodi mtu na mashine ya "nano" ya kupima seli zako, usimpe hata senti. Fedha hiyo nunua kipimajoto cha dijitali, kisicho na zebaki. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 37.5, mpelekeni hospitali usiku huohuo.