Redio ya mpakani yasherehekea, mafuta yaombwa nyumba kwa nyumba

NILIFIKA redioni saa kumi na moja alfajiri nikidhani nimewahi. Nikamkuta mama muuza dagaa ameshafagia uwanja, amepanga mabenchi tuliyoazima kanisani, na sasa anapima petroli ya jenereta kwa chupa ya soda. Sherehe ya kutimiza miaka saba ilikuwa ianze saa tatu.

Redio yetu ya jamii iko Mabanda, njia ya kwenda Mugina, mpaka wa Burundi na Tanzania unaotazamana na Manyovu. Mwenye posho ni fundi mitambo peke yake, nayo huja pale tangazo la biashara linapoingia. Sisi wengine tunajitolea: walimu, mshona nguo, vijana wa pikipiki, na mama huyo ambaye kila Jumatano husoma bei za mawese, dagaa na chumvi za pande zote mbili. Akikosea faranga hamsini, kesho yake husikia sokoni!

Mimi nilizaliwa Mishamo, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya 1972, nikasoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Tulirudi 2009, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi wa 1972 walipokuwa wakirejea na wengine zaidi ya 160,000 wakichagua uraia wa Tanzania. Kirundi changu kilichekwa sokoni, Kifaransa cha shuleni sikuwa nacho. Shamba la baba tulikuta linalimwa na familia nyingine. Tulisumbuana miaka minne hadi tukagawana nusu kwa nusu.

Binti wa familia hiyo ndiye anayeketi kushoto kwangu studio. Yeye husoma taarifa kwa Kirundi, mimi nafuata kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza hatukusalimiana nje ya kipaza sauti. Siku moja lilikuja tangazo la mtoto aliyepotea, nami nikatamka vibaya jina la mlima wa kwao. Akaniandikia kwenye karatasi namna ya kulitamka, nikarudia. Mtoto alipatikana jioni. Tangu hapo ananiita Mwalimu.

Wiki mbili kabla ya sherehe, kamati ilitaka kufuta saa ya Kiswahili kwa sababu petroli ni adimu. Nilinyamaza, maana aliyerudi juzi hujifunza kutodai sana. Aliyesimama ni yeye. Alisema, "Kateni nusu saa yangu. Watu wa Mishamo na wachuuzi wa Manyovu watasikia bei wapi?" Wazee wakatazamana. Wakakata nusu saa kwake na nusu saa kwangu, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Basi kila mmoja wetu akaenda nyumba kwa nyumba kuomba mafuta. Wengine walitoa nusu lita, wengine sahani ya maharage ya wageni.

Sherehe yenyewe ilikwenda vizuri hadi mgeni rasmi alipofika katikati ya hotuba ndefu, jenereta likazima. Mama wa dagaa alikimbia na chupa yake ya mwisho. Katika shukrani hakutajwa, wala hakuna wa kujitolea aliyetajwa. Sikufurahi, na nilimwambia mwenyekiti hivyo.

Mama mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa nyuma ya jengo anauliza nani anakwenda Manyovu kesho, amletee bei ya chumvi ya Jumatano.