Kupanga Hija ya Kikundi Katika Nchi Takatifu

Kila mtu awe na penseli na daftari karibu, maana leo tutasoma, tutaandika, na tutafanya hesabu kidogo.

Wakristo wengi hutamani kuona kwa macho yao nchi wanayoisoma katika Biblia. Safari hiyo ni ghali, basi watu wa kanisa moja huungana, wakachanga fedha, wakaenda pamoja. Ni jambo jema. Lakini hija ya kikundi hufaulu au huharibika nyumbani, kabla ya siku ya kuondoka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuone mambo manne.

Kwanza, jueni mnakwenda wapi. Nchi yenyewe ni ndogo. Kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni kama kilometa 10 tu. Ziwa la Galilaya, ambalo Biblia huliita bahari, lina urefu wa kilometa 21 hivi. Kwa hiyo watu hudhani kwamba wataona kila kitu kwa siku chache. Sivyo. Bethlehemu iko upande wa Wapalestina, na njiani kuna kizuizi cha askari wa Israeli. Hapo basi laweza kusimamishwa, na pasipoti zikaulizwa. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa, huko Bethlehemu, una kimo cha meta 1.20 hivi, na mtu mzima hana budi kuinama. Katika Kanisa la Kaburi Takatifu, mjini Yerusalemu, watu hupanga mstari mrefu, na kufika Golgotha ni kupanda ngazi za mawe.

Tena, Yerusalemu iko juu milimani, kama meta 750 juu ya usawa wa bahari. Bahari ya Chumvi iko bondeni, meta 430 hivi chini ya usawa huo. Mwaweza kuondoka mlimani kwenye baridi na kufika bondeni kwenye joto kali siku ile ile. Basi wafikirieni wazee mtakaosafiri nao. Afadhali kuona mahali pachache na kupata nafasi ya kusali, kuliko kukimbizana na basi kutwa nzima.

Pili, fedha. Tuseme mpo watu 20, na kila mmoja aweka shilingi 50,000 kila mwezi. Kwa mwezi mmoja mtapata shilingi 1,000,000. Kwa miezi 24 mtapata shilingi 24,000,000. Hizo ni fedha nyingi, nazo ni jasho la watu. Pigeni mistari katika daftari: jina, tarehe, kiasi kilicholipwa, na sahihi ya aliyepokea. Kila anayelipa apewe stakabadhi. Fedha ziwekwe benki, na zisitolewe ila kwa sahihi za watu wawili au watatu. Hatufanyi hivi kwa kuwa twamdhania mtunza fedha kuwa mwizi. Twafanya hivi ili yeye naye awe na ushahidi siku atakapoulizwa.

Tatu, mkataba. Wakala wa safari atawapa karatasi ya kutia sahihi. Hapa ndipo kusoma kwenu kunapoonyesha faida yake. Msikubali kuambiwa, “Tia sahihi tu, mengine tutazungumza.” Someni kila mstari. Je, bei ina nauli ya ndege, hoteli, chakula, basi na kiongozi wa kuwaonyesha mahali? Viza na bima ya matibabu atalipa nani? Kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, mtafuteni mtu mnayemwamini, asiyefanya kazi na wakala huyo, awasomee na kuwaeleza. Kisha litafuteni neno “hairudishwi”. Neno hilo moja laweza kula akiba ya miaka miwili.

Kwa nini? Vita vilivyoanza Oktoba 2023 vilikatiza hija nyingi. Makampuni mengi ya ndege yalisimamisha safari zao, na hoteli za Bethlehemu zikakosa wageni. Basi ulizeni mapema: safari ikizuiliwa na vita au ugonjwa, fedha zetu zitarudi zote, zitarudi nusu, au safari itaahirishwa? Jibu liandikwe katika mkataba wenyewe. Maneno ya mdomo hayatawasaidia siku hiyo.

Nne, hati na wakati. Pasipoti iwe na muda wa miezi sita au zaidi mbele yake. Ulizeni ubalozi juu ya viza na juu ya usalama, halafu ulizeni tena mwezi wa kuondoka. Kumbukeni pia Sabato: tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, maduka na mabasi mengi ya Wayahudi hayafanyi kazi.

Sasa ni zamu yenu. Jadilianeni darasani, kisha andikeni majibu:

1. Watu 15 wakiweka shilingi 40,000 kila mwezi, watapata shilingi ngapi kwa miezi 12?
2. Kwa nini stakabadhi humlinda mlipaji na mpokeaji pia?
3. Andikeni maswali matatu ya kumwuliza wakala kabla ya kutia sahihi.

Asiyeelewa neno asione haya kumwuliza mwenzake. Kwa herini, mpaka somo lijalo.