Muhula Mmoja Hamburg: Aliyokutana Nayo Binti Yetu, na Yanayotuhusu Sisi Wazazi



Siku moja baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaa wetu alitujia barazani na barua mkononi. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha humu nchini, alikuwa amechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani. "Maalim," akasema, "baba yake anasema nikuulize wewe. Ukisema aende, ataenda. Ukisema asiende, basi."

Tukaichukua barua tukaisoma mara mbili. Ufadhili ulikuwa wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi ulioanzishwa Ulaya mwaka 1987, ambao siku hizi huwachukua pia wanafunzi wa nchi zilizo nje ya bara hilo. Mwanafunzi hakihami chuo chake. Masomo atakayofaulu huko huhesabiwa huku, na muhula mmoja kamili una pointi 30 kwa hesabu ya Ulaya. Nauli na posho ya kila mwezi zilikuwa zimetajwa.

Tukiri kwamba moyo wetu ulielekea kukataa. Suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu si jepesi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wanavyuoni wameruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Baadhi yao wameipanua rukhsa hiyo kwa safari nyengine zenye amani, na wengine hawakukubali. Wala hatukutaka kuegemea ile kauli mashuhuri ya kuitafuta elimu hata Uchina, kwani maimamu wa hadithi wameidhoofisha. Tulichofanya ni kuuliza. Anasafiri na nani? Akaambiwa wako wasichana wawili wa chuo hicho hicho. Atalala wapi? Katika nyumba ya wanafunzi, ghorofa ya wanawake watupu. Hapo tukamwambia mama yule: "Mwache aende, na tumuombee."

Wala hakuwa wa kwanza kutoka pwani hii kwenda nchi ile kwa ajili ya elimu. Katika miaka ya 1890, Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Baada yake akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa huko mwaka 1903. Hao walikwenda kufundisha. Binti yetu alikwenda kujifunza.

Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, unapoanza muhula wa baridi. Juzi, baada ya kurejea salama, alikaa na akina mama madrasani akawasimulia. Nasi tulikuwepo tukisikiliza, na mengi tuliyasikia kwa mara ya kwanza.

Alianza na jua. Mwezi wa Disemba kule Hamburg, jua hutoka saa mbili na nusu asubuhi na kuzama yapata saa kumi jioni. Alasiri huingia kabla ya saa nane kutimia, na baada ya saa mbili tu ni Magharibi. Sisi tuliozoea swala kufuata saa zile zile mwaka mzima hatuwezi kulifikiria jambo hilo. Darasa lake la mchana liliandikwa saa nane hadi saa kumi, akawa na hofu ya kuikosa Alasiri. Kisha akagundua kwamba vyuo vya huko vina ada ya zamani: darasa lililoandikwa saa nane huanza saa nane na robo, na humalizika robo saa kabla ya wakati. Ile robo ya mwanzo ndiyo iliyokuwa swala yake. Alikuwa na mswala mwembamba mkobani, na kichumba cha pembeni mwa maktaba ambacho mtunzaji alimwonyesha bila ya maswali mengi.

Kibla nacho kiligeuka. Hapa Mombasa tunaelekea kaskazini. Kule alielekea kusini-mashariki, na ndiko iliko pwani yetu pia. "Nikisimama kuswali," alisema, "nilikuwa nimeelekea Makka, na nyumbani nako hakuko mbali na upande huo." Akina mama kadhaa walishika mitandio wakajifuta macho.

Katika udhu, baridi ilimfundisha sura ya fiqhi aliyoisoma chuoni utotoni bila ya kuona haja yake: kupangusa juu ya khofu. Alinunua soksi za ngozi. Kila alipozivaa akiwa na udhu kamili, alizipangusa kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake, kama mkaazi. Chakula hakikumsumbua sana, kwa kuwa Waturuki wengi wanaishi mji ule na maduka yao ya nyama ya halali ni mengi. Alichojifunza ni kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti, kwa sababu peremende nyingi hutiwa gelatini ya nguruwe.

Lililotugusa zaidi sisi tuliosomea madrasa ni la darasani. Chuo Kikuu cha Hamburg hufundisha Kiswahili, na katika mji huo imehifadhiwa hati ya Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani na wenye tarehe ya mwaka 1728. Siku moja mwalimu alileta nakala za maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wenzake wakawa wanazihangaikia herufi moja moja. Yeye, aliyeanza kushika ubao akiwa na miaka mitano, alisoma ukurasa mzima kwa sauti. Mwalimu akamuuliza alijifunzia wapi. Akajibu: "Chuoni kwetu, kwa Maalim." Tangu siku hiyo akawa anawasaidia wenzake, na insha yake ya mwisho wa muhula aliiandika juu ya maandishi hayo.

Lakini si yote yaliyokuwa mazuri, na hili ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Mwezi wa Novemba alivunjika moyo. Giza lilikuwa limezidi, wale wenziwe wawili walikuwa na masomo tofauti, na jioni za wanafunzi wengi zilikuwa za pombe, kwa hivyo alibaki chumbani. Palipita wiki mbili alizokuwa akilia kila usiku. Nyumbani hatukujua, na si kwamba hatukuwa tukimpigia simu. Tulimpigia sana. Mama yake, baba yake, mashangazi, nasi pia mara mbili tatu. Tulimuuliza nini? Umeswali? Umekula halali? Umevaa vipi? Unatembea na nani?

Binti yule alitutazama kwa adabu akasema: "Maalim, mniwie radhi. Kila simu ilipolia nilihisi kama nimeteremkiwa na Munkar na Nakir. Ikafika siku nikawa siipokei."

Akina mama walicheka, kisha wakanyamaza. Sisi hatukucheka. Maswali yale yalikuwa ya haki, lakini mtoto ambaye kila akipigiwa anahojiwa hawezi kusema, "Mama, nimechoka, naogopa." Atasema "Alhamdulillah, sijambo," kisha akate simu alie.

Aliyeyageuza mambo ni mama yake. Usiku mmoja alimpigia asimuulize kitu. Alimweleza kwamba paka amezaa chini ya kabati, kwamba mahamri ya siku ile hayakuumuka, na kwamba nyanya yake amemkumbuka. Akanyamaza kidogo. Binti akaanza kusema mwenyewe, na wakaongea hadi saa sita za usiku. Siku ya pili akaenda msikitini karibu na stesheni kuu, akawakuta wanawake wa Kituruki na wa Kiafghani. Kila Jumamosi baada ya hapo alikuwa na mahali pa kwenda.

Kwa wazazi ambao barua kama ile itawafikia, tunanasihi hivi. Ulizeni kabla ya safari: wenziwe ni nani, atalala wapi, msikiti uko wapi. Mfundisheni fiqhi ya msafiri na ya mkaazi wa nchi ya baridi kabla hajapanda ndege. Mtafutieni mwanamke Muislamu wa kule atakayemjua kwa jina. Hayo yakishatimia, simu iwe ya kumsikiliza. Kama mlimlea kuswali, ataswali bila ya kuhojiwa. Na kama hamkumlea hivyo, simu ya dakika tano haitaziba pengo la miaka ishirini.

Wiki hii baba mwengine ametujia na barua ya namna hiyo hiyo. Tumemwambia aje na binti yake, tumsikilize yeye kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliopo na walio safarini, na awarejeshe na elimu yenye manufaa. Amin.