Jahazi Likiwa Nchi Kavu, Baharia Analala Wapi?

Sisi wa Mungaa ni watu wa bara. Kutoka hapa Singida hadi pwani ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na maji makubwa tunayoyajua ni ya maziwa ya Singidani na Kindai. Hata hivyo vijana wetu huenda mbali kutafuta riziki, na baadhi yao wameangukia kwenye majahazi yanayobeba mizigo kati ya Bara, Unguja, Pemba na Mafia. Kwa hiyo, pale zahanati na hata baada ya ibada, wake zao hutujia na swali lile lile: "Mume wangu anasema chombo kimepandishwa pwani, hakuna safari wala fedha. Mbona basi harudi nyumbani? Analala wapi?"

Swali hili limeleta ugomvi katika nyumba zaidi ya moja. Tumeona vema tulieleze, maana jibu mara nyingi ni rahisi: analala humo humo chomboni.

KWA NINI CHOMBO HUPANDISHWA

Jahazi ni la mbao, na bahari ina kiumbe anayekula mbao. Watu humwita mnyoo, ingawa kwa kweli ni wa jamii moja na chaza. Huchimba ndani ya ubao kama mchwa anavyokula boriti za tembe, na kwa nje huoni kitu ila vitundu vidogo. Chombo kisipotunzwa, huliwa hata kikazama. Ndiyo sababu ni lazima kitolewe majini mara kwa mara, kikaushwe na kukarabatiwa.

Kwenye fukwe zisizo na mtambo wa kuinulia, mabaharia husubiri bamvua, yaani maji makuu yanayojaa wakati wa mwezi mpevu na wakati mwezi unapoandama. Huko Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Yakijaa, jahazi husogezwa juu kabisa ufukweni; yakitoka, hubaki mchangani likiwa limeegemezwa kwa magogo yanayoitwa gadi.

Hapo kazi huanza. Mafundi hutoa pamba kuukuu iliyo kati ya mbao na kushindilia mpya iliyolowekwa mafuta. Huko ndiko kukalafati. Sehemu ya chini hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, na mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Siku hizi wengine hutumia rangi za dukani.

Sasa angalieni jambo hili. Kazi isipokwisha kabla ya bamvua linalofuata, ambalo huja baada ya wiki 2 hivi, maji hayatakifikia chombo. Hakitashuliwa mpaka bamvua jingine. Ubao mmoja ukichelewa kupatikana, baharia amepoteza nusu mwezi. Kwa hiyo mume aliyesema "wiki ijayo" akapitisha wiki 2 zaidi, si lazima awe amekudanganya.

KWA NINI HARUDI

Kwa desturi baharia wa jahazi hulipwa kwa mgawo wa nauli ya mizigo. Chombo kikisimama, na mgawo umesimama. Kupanga chumba ni gharama, na kuja Singida na kurudi ni gharama kubwa zaidi. Tena juu ya chombo kuna tanga, kamba, nanga na zana za mafundi, vitu ambavyo haviachwi usiku bila mlinzi. Basi huona afadhali abaki.

Wala si maskini peke yao wanaoishi hivyo. Wageni wanaozunguka dunia kwa mashua zao za matanga, wenye jiko na choo ndani, nao hulala chomboni wakati wa matengenezo. Wakiwa nchi kavu, maji ya vyombo humwagikia mafundi walio chini, na choo kilichozoea kuvuta maji ya bahari hakina cha kuvuta. Kila haja ni kushuka ngazi.

Sisi nasi hatuhami tunapotengeneza dari la tembe kabla ya mvua. Tunahamisha vyungu kutoka kona hii hadi ile, maisha yanaendelea. Lakini tembe halina ngazi ndefu ya kushuka usiku wa manane.

MAMBO YA KUMWAMBIA

Wengi wetu humwombea baharia akiwa safarini, tukadhani akifika nchi kavu amekwisha kupona. Sisi wauguzi tunasema: hatari zimebadilika tu. Mkumbusheni haya:

1. Ngazi ifungwe kwa kamba juu, isiegemezwe tu. Usiku atumie taa. Na gadi asiiguse mtu bila ruhusa ya fundi.

2. Asilale na jiko la mkaa ndani ya chombo kilichofunikwa, hata mvua ikinyesha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini. Jambo hili linatuhusu hata sisi wa nyumbani wakati wa baridi. Ni heri apike chini, mbali na pamba yenye mafuta.

3. Chokaa ikimwingia jichoni, aoshe mara moja kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, ndipo aende hospitali. Asisugue.

4. Misumari yenye kutu ipo kila mahali. Aulize kituo cha afya kama chanjo yake ya pepopunda bado inatosha, na jeraha lo lote alisafishe siku hiyo hiyo.

5. Maji ya mvua yakituama ndani ya chombo, mbu huzaliana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na malaria nayo ipo. Maji yatolewe kila siku, na alale ndani ya chandarua.

6. Ajue choo kilipo kabla ya usiku wa kwanza, na maji ya kunywa yachemshwe.

Dada mpendwa, safari ijayo akipiga simu kusema chombo kimepandishwa, usianze na fedha. Muulize kwanza: "Ngazi mmeifunga? Chandarua unacho? Mnangoja bamvua lipi?" Ataona kwamba unaijua kazi yake, naye atakueleza mengi zaidi. Kisha wewe mwenyewe hapa Mungaa utazame mwezi. Ukiwa mpevu, au ukiandama, uhesabu siku moja au mbili. Hizo ndizo siku maji yanapokuwa makuu, na kama kazi imekwisha, jahazi lao litashuliwa.