Kichwa cha Waya wa Klachi

Tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, ambapo mzigo uliotoka pwani ulikaa njiani miezi kabla ya kutuliwa mjini Kasongo, wenyeji wa nchi hii hawakuwa na budi kukitengeneza papo hapo kitu kilichoharibika; na hata leo kipuri cha pikipiki ya zamani hungojewa kutoka mji wa Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa njia ambayo mvua huigeuza tope. Ndiyo sababu pikipiki ya Yamaha AG100, iliyoundwa Japani kwa ajili ya wakulima, yenye injini ya sentimita za ujazo 97 na cheni iliyofunikwa pande zote isiingiwe na uchafu, ni mali ya kuenziwa kwa yeyote aliyejaaliwa kuwa nayo.

Katika maradhi yake madogo, yaliyo sugu ni kukatika kwa waya wa klachi, na aghalabu hukatika mahali pamoja: pale nyuzi zinapotoka katika kichwa kidogo kinachokaa ndani ya mkono wa klachi. Kichwa hicho kimekusudiwa kuzunguka tunduni mwake kila mkono unapovutwa. Kikikauka na kushikwa na kutu hakizunguki, na badala yake waya ndio unaopinda, kutwa nzima, mpaka uzi mmoja mmoja ukatike. Afungaye waya mpya asitie grisi tunduni amenunua msiba ule ule kwa mara ya pili.

Sehemu iliyosalia ya waya ikiwa ingali nzima, kichwa kipya huchongwa kwa tupa katika kipande cha shaba nyeupe, kikatobolewa kwa kadiri ya unene wa waya, na mdomo wa tundu ukapanuliwa upande wa nje. Waya hupitishwa, nyuzi zikachanuliwa kama ua, zikarudishwa zijae ule mdomo, kisha zikatiwa dawa ya kulehemu na lihamu ya bati na risasi, ambayo huyeyuka kwa joto la digrii 190 hivi. Haraka ndiyo iharibuyo kazi hapa: waya ukipata moto wa kuchomelea, chuma hugeuka rangi ya samawati na kupoteza nguvu zake, na kile kichwa kilichoonekana imara hung'oka safarini. Dawa ikiwa ya asidi, sharti ioshwe kwa maji ya magadi, la sivyo itaendelea kukila chuma kwa siri.

Halafu waya hubanwa katika jiliwa na kuvutwa kwa nguvu zipitazo zile za mkono wa dereva. Kwa klachi hayo yatosha. Lakini waya wa breki ya mbele simshauri mtu autengeneze nyumbani, hata kama kipuri kitakawia mwezi.

Kutafuta sababu kwanza kwahitajika pia katika kifuniko cha ubavuni kilichopasuka. Kabla ya kutia gundi, mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo la duara, ili nguvu iliyokuwa ikikusanyika katika ncha ile kali isambae. Walakini ufa utarejea iwapo mpira uliokizuia kifuniko kisitetemeke umekwisha kupotea. Kipande cha tyubu ya baiskeli, kikikunjwa mara mbili, chashika nafasi yake vyema, nacho hupatikana mjini Kabambare kama kipatikanavyo Kasongo.