Je, Simu za Intaneti Zinaweza Kuchukua Nafasi ya Simu za Kawaida?

Katika mazungumzo ya walimu wa idara limezuka swali ambalo si la kiisimu lakini linatugusa moja kwa moja. Wapo wanaopendekeza kwamba usimamizi wa wanafunzi walioko kwenye mazoezi ya kufundisha, pamoja na majaribio ya kuzungumza kwa wale wanaosoma wakiwa mbali, vihamishiwe kwenye simu za intaneti, yaani WhatsApp, Telegram na nyinginezo. Hoja yao ni kwamba gharama ni ndogo na kila mtu anazo. Wengine huenda mbali zaidi na kudai kwamba simu ya kawaida imekwisha, na kampuni za simu zimebaki kuuza data tu. Makala haya yanajaribu kufafanua namna aina hizi mbili za simu zinavyofanya kazi, na kwa nini, kwa maoni yangu, ile ya intaneti haiwezi kuiondoa ile ya kawaida hapa Uganda, ingawa imekwisha kuinyang'anya sehemu kubwa ya kazi yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana nadhani nusu ya ubishi wetu inatokana nalo. Mtu husema "hakuna mtandao" akimaanisha kwamba simu yake haipati mnara. Mwingine husema maneno hayo hayo akimaanisha kwamba intaneti haifunguki ingawa mnara upo. Kiswahili kimelibebesha neno "mtandao" maana mbili, na tunapouliza kama mtandao mmoja unaweza kuchukua nafasi ya mwingine tunajikuta tunazungumza kana kwamba ni maduka mawili yanayotazamana. Katika makala haya, "mtandao wa simu" ni minara, laini na mitambo ya kampuni. "Intaneti" nitaiita intaneti.

Simu ya kawaida ya kizazi cha pili, ambayo bado ndiyo inayotumiwa na wenye katochi (Wakenya huziita mulika mwizi), hufanya kazi kwa kutenga njia. Ukipiga, mitambo hutafuta njia hadi kwa yule unayempigia, na njia hiyo hubaki kuwa yenu mpaka mmoja akate. Hata mkinyamaza, ni yenu. Simu ya intaneti haitengi kitu. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde, kila kipande kikabandikwa anwani mithili ya bahasha, kisha kikatumwa katikati ya picha, video na barua pepe za watu wengine. Upande wa pili vipande hupangwa upya. Kinachochelewa mno hutupwa, na programu hujaribu kuliziba pengo kwa kukisia. Hapo ndipo sauti ya mwenzako inapoanza kukatakata au kusikika kama imetoka ndani ya pipa.

Kuhusu gharama, watetezi wa simu za intaneti wana haki. Sauti iliyobanwa hadi kilobiti 24 kwa sekunde, pamoja na kilobiti 16 hivi za anwani, hutumia kilobaiti 300 kwa dakika kwa kila upande. Anayezungumza na kusikiliza kwa saa nzima hutumia megabaiti 36, kiasi ambacho video fupi chache tu hukimaliza. Nilipokuwa Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili mwishoni mwa miaka ya 2000, kupiga simu nyumbani Uganda kulikuwa ni kuhesabu sekunde. Leo wanafunzi wetu wenye ndugu walioko ughaibuni huongea nao usiku kucha. Lakini hata huko si kila mlango uko wazi: Umoja wa Falme za Kiarabu, wanakofanya kazi Waganda wengi, kwa miaka mingi umezuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu zenye kibali kama Botim.

Sasa tuje kwenye sauti, jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita haraka. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3400 tu. Kiasi hicho hutosha watu kuelewana, lakini vikwamizo kama /s/, /f/ na /th/ vina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hapo. Ndiyo maana tunapotaja majina kwenye simu hulazimika kusema "S ya Sofia, F ya Fatuma". Mwanafunzi anayetamka "thamani" na mwingine anayetamka "samani" wanaweza kumfikia msahihishaji wakiwa sawasawa kabisa. Simu nyingi za intaneti hupitisha hadi hezi 7000 na zaidi, kwa hiyo katika kupima vikwamizo ni bora. Kwa upande mwingine, mkanganyiko wa /l/ na /r/ unaowasumbua wanafunzi wetu wengi hutambulika chini ya hezi 3400, na hivyo hata katochi inatosha kuunasa.

Ubora huo, hata hivyo, hupatikana pale vipande vinapofika kwa wakati. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ikizidi sana, wazungumzaji huanza kukatizana. Na salamu za Kiswahili ni za kujibizana papo kwa papo: hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, za masomo, njema. Msahihishaji aliye Kampala akimsikia mwanafunzi aliye kijijini akikawia kujibu kila salamu, huandika kwamba mtahiniwa anasitasita. Huenda hasitisiti kamwe. Jibu lake lilikuwa njiani.

Liko jambo zito zaidi ya hilo. Lugha yetu hubeba maana kubwa katika silabi moja fupi mwanzoni mwa neno. Vipande kumi hivi vikipotea kwa mfululizo, na hilo ni sehemu ya tano ya sekunde, "hatutafika" husikika "tutafika". Simu ya kawaida nayo humeza silabi pale mnara ulipo mbali, lakini njia iliyotengwa haigombaniwi na mtu anayetazama mpira kwenye simu janja yake, ilhali bahasha za intaneti husongamana pamoja na bahasha zake. Katika mazungumzo ya kawaida utauliza tena. Katika mtihani alama imekwisha kutolewa.

Ikumbukwe pia kwamba simu ya intaneti hapa kwetu hupanda juu ya mgongo wa mtandao wa simu. Data yetu wengi hupitia minara ile ile, na hata kuianzisha WhatsApp kunahitaji namba ya simu na, aghalabu, ujumbe mfupi wa kuithibitisha. Mnara ukizimika, vyote viwili huzimika. Tena katika kizazi cha 4 kampuni zenyewe zimeanza kusafirisha simu za kawaida kwa vipande, ila vipande hivyo hupewa njia ya mbele, kama gari la wagonjwa barabarani. Hivyo suala si tena teknolojia ipi. Ni nani anayekuhakikishia njia, na nani anaweza kuifunga.

Juu ya kufungwa, sisi tuna uzoefu. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mfano wake. Asiyelipa alifungiwa, ingawa wengi walipita uchochoroni kwa programu za VPN. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Mwaka huo huo, jioni ya tarehe 13 Januari, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima hadi tarehe 18. Simu za kawaida ziliendelea. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp yenyewe ilianguka duniani kote kwa takriban saa sita, bila serikali yoyote kuiamuru. Na Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kutabiriwa kuziua kampuni za simu, ilifungwa na mwenyewe, Microsoft, Mei 2025. Zaidi ya hayo, WhatsApp haikuwekwa kwa ajili ya kuwapigia polisi namba 999 au 112.

Tangu Februari 2020 mtaala wa sekondari ya chini umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na walimu-wanafunzi wetu sasa hupelekwa shule za mbali kuliko zamani. Wapo wenye katochi tu. Wengine wana simu janja lakini hununua bando la siku moja moja, na siku bando lilipokwisha hutegemea kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa ili mwenzake ampigie. Kuwapangia mtihani kwa simu ya intaneti ni kuupima mfuko kabla ya ulimi.

Ninachopendekeza ni hiki. Matamshi yapimwe ana kwa ana au kwa ujumbe wa sauti uliorekodiwa, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo hautupi vipande. Husubiri vyote vifike, hata ikichukua nusu saa, na mtahiniwa anaweza kuazima simu ya mwenzake. Mazungumzo ya papo kwa papo yafanywe kwa simu ya kawaida, mpigaji akiwa ni mwalimu na mlipaji akiwa ni idara. WhatsApp ibaki kwa ratiba, picha za maandalio ya somo na mikutano yetu wenyewe. Kwa sasa fomu ya bajeti ya mazoezi ya kufundisha ina mstari wa data peke yake. Uongezwe wa muda wa maongezi kabla wanafunzi hawajaondoka.